Mlinzi wa Midomo

Jumatatu, 10 Machi

Leo nimetazama nyuso za watu nisiowajua tangu asubuhi hadi saa kumi, na hakuna hata mmoja aliyeweza kunitazama. Labda ndiyo sababu kazi hii imenifaa. Mimi mtu akinikazia macho, maneno hunikauka.

Ofisi yetu iko juu ya duka la vifaa vya ujenzi, si mbali na chumba tunachopanga na Mama hapa Majengo. Mwenyewe ni Madam Benter. Alikuwa mwalimu wa kemia kabla ya kuanza kutengeneza masomo ya mtandaoni. Tuko watatu tu: yeye, Maxwel anayeshughulikia mitambo, na mimi niliyemaliza kidato cha nne mwaka jana na ninayengoja kuitwa chuo.

Mteja wetu mkubwa ni shirika lenye shule ndogo za chekechea kutoka Tetu hadi Timau. Walimu wake wa zamani lazima wapate cheti cha mtaala mpya kabla Mei haijaisha. Asiyekipata, mkataba wake haufanywi upya. Wanasoma kwa simu, kisha wanafanya mtihani kwenye kompyuta ndogo ya kuazimwa shuleni, mbele ya kamera. Programu tunayoiita Mlinzi inawarekodi. Ikiona macho yamekimbia pembeni au midomo inacheza, inaweka alama nyekundu. Mimi natazama kipande chenye alama na kubonyeza Kubali au Kataa. Majina siyaoni, naona sura tu.

Mama ameniuliza kazi yenyewe ni gani. Nilipomweleza akasema, "Kumbe wewe ni kama askari wa supamaketi. Basi usiwasumbue watu wakitoka na unga yao."

Jumatano, 12 Machi

Mvua ya njahi, ile ndefu ya masika, imeanza. Umeme ulipotea mara mbili.

Ijumaa, 14 Machi

Madam Benter alinunua mandazi, na tukiwa tunakunywa chai akaanza kusimulia mambo ya kazi hii. Nayaandika kwa sababu nataka kuyakumbuka nikifika chuo.

Anasema alipoanza, kila mteja alitaka video ndefu: mwalimu amesimama mbele ya ubao saa nzima. Wanafunzi walizifunga baada ya dakika chache maana bando ziliisha. Wakaja watu wa masomo mafupi. Baada yao wakaja watu wa michezo na nishani, mtu akijibu swali nyota zinaruka kwenye skrini. Sasa mteja anauliza kama ndani kuna akili unde hata kabla hajasema nani atasoma. Kila mwaka kinakuja kitu kipya na kuuzwa kama dawa ya magonjwa yote.

"Kifaa kizuri ni kile mwanafunzi anakisahau," akasema. "Ukiona anakifikiria hicho kifaa, ujue hafikirii somo."

Nikamfikiria Mlinzi. Kwenye kona ya skrini kuna duara jekundu linalowakawaka mtihani wote. Nani anaweza kulisahau? Nilitaka kuuliza. Nikala andazi.

Jumanne, 18 Machi

Mvua. Kazi nyingi. Sikuongea na mtu isipokuwa kusema asante.

Ijumaa, 21 Machi

Mwanamke mmoja, nadhani ni wa upande wa Timau, maana kwenye dirisha lake lililo wazi nyuma niliona shamba tambarare la ngano hadi mwisho wa macho. Alivaa kitambaa cha buluu kichwani. Midomo yake ilicheza kwa kila swali. Sikusikia sauti yake, mvua ilikuwa inapiga mabati. Nilitafuta mtu wa pili chumbani, kivuli, mkono, chochote. Hakukuwa na mtu.

Mwongozo unasema midomo ikicheza mara nyingi bila sababu inayoonekana, Kataa. Sikuona sababu. Nikabonyeza Kataa. Halafu nikaenda kunywa maji, na sikuwa na kiu.

Jumatatu, 24 Machi

Nimegundua jambo. Tuna pia kozi ya wafanyakazi wa hoteli, na Mlinzi ni yuleyule. Wahudumu wa hoteli wakidanganya, macho ndiyo yanayowasaliti. Midomo yao imetulia. Midomo ya walimu wa chekechea inacheza, karibu wote.

Nilimwuliza Maxwel. Nilijipanga kwanza maneno kichwani nikiwa kwenye ngazi.

Akasema wanamsomea mtu aliye chini ya meza.

"Wote?" nikauliza.

"Murugi, wewe bonyeza tu. Ukianza kuishi na hao watu, utahamia kwa hiyo kompyuta." Kisha akacheka, ila si kwa ubaya. "Na ongea kwa nguvu basi. Unaongea ni kama unaomba ruhusa ya kupumua."

Maxwel ana kasi. Yeye hufungua kundi zima la video zenye alama ya midomo na kuzikataa pamoja, kama mtu anayemwaga maji machafu. Hakuna sheria inayomzuia.

Alhamisi, 3 Aprili

Bwana Gatimu wa shirika la shule alipiga simu ya video, akamwomba Madam Benter ampe takwimu. Alipoambiwa ni walimu wangapi wamekataliwa, alifurahi. Alisema hiyo inaonyesha mtihani una meno. Anakuja mwenyewe mwezi wa tano, na baada ya hapo ndipo watakapoamua kama watatupa kazi ya shule zao nyingine zote.

Simu ilipokatika Madam Benter alizungusha kalamu.

"Nilipokuwa mwalimu," akasema bila kututazama, "darasa likianguka, mimi ndiye nilikuwa naitwa ofisini. Sasa likianguka napongezwa."

Maxwel alivaa vipokea sauti vyake. Sote tunajua kwamba bila kazi hiyo, hapa hakuna mshahara wa watu watatu.

Jumanne, 8 Aprili

Siwezi kula. Mama anafikiri ni homa.

Kila siku Mlinzi hunipa video chache zisizo na alama yoyote, nizihakiki tu. Leo nikafungua moja na nikamwona Mwalimu Nduta.

Niandike yeye ni nani. Tulipoishi Wamagana, kabla Mama hajahamia mjini, nilipelekwa kwake chekechea nikiwa sijawahi kuongea mbele ya mtu asiye wa nyumbani. Watu walisema nina kasoro. Walimshauri Mama anipeleke hospitali, wengine kwa mhubiri. Mwalimu Nduta hakuniuliza neno mwaka mzima. Aliniweka mstari wa mbele tu, akaendelea kufundisha. Siku moja nikasema "a", na yeye hakupiga makofi wala kuwaita wenzake. Aliendelea na "e", kana kwamba nilikuwa nasema siku zote. Nadhani angeshangilia, nisingesema tena.

Nilifurahi kumwona. Nikaongeza ukubwa wa picha. Amezeeka, shingo imekonda, amejifunga leso mabegani. Ametulia kabisa, macho kwenye kamera, midomo imefungwa. Mlinzi hajamwekea alama nyekundu hata moja, na majibu karibu yote ni sahihi.

Kisha nikaona mikono yake. Yote miwili ilikuwa mashavuni, ameshika uso kama mtu anayesikiliza mahubiri. Na kwenye skrini yake, ambayo pia tunairekodi, mshale ulikuwa unatembea. Unashuka, unachagua jibu, unaenda swali linalofuata.

Nilirudia kutazama mara nyingi. Mikono haikutoka mashavuni. Kuna mtu alikuwa ameketi pembeni, nje ya picha, ameshika mausi.

Mlinzi anatazama macho na midomo. Hajafundishwa kutazama mikono.

Jumatano, 9 Aprili

Video isiyoamuliwa kwa wiki moja hukubaliwa yenyewe. Nikikaa kimya hadi Jumanne ijayo, Mwalimu Nduta atapata cheti na hakuna atakayejua. Kukaa kimya ndicho kitu ninachokiweza kuliko vyote.

Leo nilisubiri Maxwel atoke kwenda kununua chakula, nikatafuta kama kuna jaribio jingine lenye sura ile. Lipo. La mwezi wa pili, kabla sijaajiriwa. Nililitazama kwa vipokea sauti.

Ni yeye, peke yake, jikoni kwake. Hapo anasoma kila swali kwa sauti. Anavuta maneno, anafungua mdomo wote, anarudia silabi, ananyamaza, anachagua kwa mkono wake mwenyewe. Nilihisi nimerudi mstari wa mbele. Majibu mengine ni sahihi, mengine si sahihi, lakini alikuwa hajafika hata nusu ya mtihani kabla ya muda kuisha. Alama nyekundu zimejaa tangu mwanzo hadi mwisho. Chini imeandikwa: Imekataliwa, kuongea na mtu mwingine.

Nani mwingine? Hakukuwa hata na paka.

Ijumaa, 11 Aprili

Baridi na ukungu. Madam Benter aliniuliza kama ninaumwa. Nikasema hapana.

Jumamosi, 12 Aprili

Nimetoka Wamagana jioni hii, viatu bado viko nje na matope yake.

Nilimwambia Mama naenda kumsalimia Mwalimu, akanipa ndizi za kumpelekea. Sikumwambia la zaidi. Njia ya kushuka kwake imekuwa utelezi mtupu, nikawa nashika michai ya kando ya njia kila hatua. Shule zimefungwa, kwa hiyo nilimkuta nyumbani, anachambua maharagwe mlangoni.

"Huyu si Murugi wa mama Murugi?" akasema. "Umekuwa mrefu hivi, na bado unaangalia viatu yako."

Aliniita mami, kama wanavyoitwa wasichana kwetu, akanipa uji, akauliza habari za Mama, matokeo yangu, kozi niliyochagua. Nilijibu kila kitu isipokuwa lile lililonileta. Akaniuliza ninafanya kazi gani mjini. Nikamwambia.

Mikono yake ikasimama juu ya maharagwe.

Kisha nikasema. Nilisema nikiitazama sufuria, lakini nilisema yote: kwamba nimeona video, mashavu, mshale. Hakukataa. Alimwita mwanawe Kingori, aliyekuwa nyuma ya nyumba, akamwambia, "Kuja usikie. Huyu ndiye alikuwa upande ule mwingine wa kamera."

Kingori ni mkubwa kwangu kwa miaka kadhaa. Alisimama mlangoni na hakuketi.

Mwalimu Nduta alinieleza bila kuharakisha. Mara ya kwanza alifanya mwenyewe. Akasoma jinsi anavyosoma, maana hajui njia nyingine. "Mtoto wa chekechea hajui kusoma, mami. Anasoma mdomo yangu. Ataona 'ma' ikifunga, 'o' ikifunguka. Sisi mdomo ndio ubao. Sasa ukiniambia nisome na mdomo imefungwa, hata mimi sijui kama nimesoma." Akakataliwa, akaambiwa alikuwa anaongea na mtu. Aliandika malalamiko kwenye kisanduku cha programu. Akajibiwa kwa ujumbe wa mashine kwamba malalamiko yake yana umuhimu.

Kwa hiyo mara ya pili waliamua midomo isicheze. Alijaribu kujizoeza mbele ya kioo na hakuweza. Akiacha kutamka, maneno yanamtoroka, na tena macho yake siku hizi yanaona ukungu kwenye maandishi madogo. Ndipo Kingori alipochukua mausi.

"Mashini ilitaka picha ya mtu ametulia," akasema Kingori. "Tukaipatia picha. Kwani ilitaka mwalimu?"

Niliweka kikombe cha uji chini.

Nikauliza nani aliyejua majibu, yeye au mama yake. Mwalimu Nduta akasema aliyajua. Kingori akatazama nje.

Kisha Mwalimu akaniambia jambo ambalo nimelibeba njia nzima ya kurudi. Hakulia, hakunisihi. "Mimi nimefundisha wewe, nimefundisha watoto ya hii kilima yote. Hii karatasi ni ya kuniruhusu nifanye kitu nimefanya kabla hao watu wazaliwe. Ukinyamaza, hujaibia mtu. Ukisema, naenda nyumbani. Sasa wewe ni mtu mkubwa. Sitakuambia ufanye nini."

Afadhali angenisihi.

Jumapili, 13 Aprili

Jumapili ya Matawi. Sikusikia mahubiri.

Jumatatu, 14 Aprili

Nilimwambia Madam Benter. Nilimngoja Maxwel ashuke, nikaenda kusimama mbele ya meza ya Madam Benter, na kwa mara ya kwanza nikaongea kwa muda mrefu mbele yake. Nilimwonyesha jaribio la kwanza na la pili, kwa mfuatano huo. La kwanza alilitazama akiwa ameziba mdomo kwa mkono.

"Ni nani alikataa hii?"

Nikasema ilikataliwa pamoja na nyingine nyingi. Sikutaja jina. Alijua.

Tulizungumza kwa muda. Alisema kifaa hiki alikinunua akiwa anajua hakikujaribiwa kwa watu kama hawa. Waliokiunda walikijaribu kwa wanafunzi wa vyuo, vijana wanaosoma kimya. Alikinunua kwa sababu Bwana Gatimu hakutaka kozi isiyo na ulinzi wa kisasa. Kisha akasema jambo ambalo sikulitarajia.

"Lakini ya pili ni udanganyifu, Murugi. Hiyo haibadiliki kwa sababu ya ile ya kwanza."

"Sisi ndio tulimfundisha kudanganya," nikasema.

Alinikazia macho. Nilitaka kuyakwepa, nikashindwa. "Sawa. Sisi tulimfundisha. Na alifuzu vizuri sana. Sasa unataka nifanye nini? Nimpe cheti ya kukaa kimya?"

Nilimwambia nataka asome kwa sauti. Nataka wote waliokataliwa kwa midomo wasome kwa sauti.

Madam Benter alisema kumpigia Gatimu na kumwambia kwamba zile takwimu alizozipenda ni kosa letu, huenda ukawa ndio mwisho wa kazi yetu naye. Akasema hawezi kuahidi. Na mwaka huu hakuna wateja wengine wa kukimbilia, wengi wamenunua programu zinazojitengenezea masomo zenyewe. Akaniita nyathina, mwanangu kwa lugha ya kwao, akaniambia ile video ni yangu kuiamua, hataiamua yeye.

Jumanne, 15 Aprili

Nimebonyeza Kataa. Kwenye nafasi ya sababu niliandika: Aliyefanya mtihani si aliye kwenye picha. Jaribio la kwanza lilikataliwa kimakosa. Anastahili kurudia akisoma kwa sauti.

Ujumbe anaoupata mwalimu una neno moja tu. Maelezo yangu hayaoni.

Alhamisi, 17 Aprili

Nilikuwa kwenye kibanda cha mboga cha Mama sokoni nikipanga nyanya, Kingori akaja. Wateja walikuwepo. Alichagua vitunguu taratibu, akamsalimu Mama kwa heshima zote, kisha akaniuliza kwa sauti ya kusikika na kila mtu:

"Ati siku hizi wewe ni polisi wa mdomo? Na wewe mwenyewe mdomo ulifunguliwa na nani?"

Mama aliniangalia. Mwanamke mmoja akacheka bila kujua anacheka nini. Kingori akalipa, akaenda.

Ilibidi nimweleze Mama kila kitu pale pale, nyanya mikononi. Nilidhani atanikemea. Aliendelea kuhudumia watu hadi foleni ikaisha, ndipo akasema, "Ungeniambia kwanza. Ningeenda na wewe." Halafu akasema hajui kama ningepaswa kunyamaza, na kwamba anafurahi si yeye aliyeulizwa.

Jumatatu ya Pasaka, 21 Aprili

Mvua kutwa. Daraja la chini huko Tetu limefunikwa na maji, wanasema.

Ijumaa, 25 Aprili

Madam Benter amezungumza na Bwana Gatimu mlango ukiwa umefungwa. Alipotoka alijitengenezea chai na akasahau kuweka majani.

Maxwel ameacha kunitania. Leo aliniuliza, bila kugeuka, kama yule mwalimu ni shangazi yangu. Nikasema hapana. Baadaye nikamwona anafungua video za midomo moja moja, na vipokea sauti masikioni.

Jumanne, 29 Aprili

Jibu limekuja. Waliokataliwa kwa midomo watarudia hapa ofisini, maandishi yakiwa makubwa, hakuna Mlinzi. Madam Benter mwenyewe atasimamia kama zamani, kwa kutembea kati ya meza. Bwana Gatimu amekubali kwa sharti moja: hii ni mara ya mwisho. Atakayeanguka, mkataba wake unaisha na mwezi wa tano. Ya kazi yetu atasema akija.

Niliuliza kama orodha ina Mwalimu Nduta, maana yeye ana makosa mawili tofauti. Madam Benter akasema ameligombania jina hilo kuliko mengine yote. Gatimu alitaka kumfukuza mara moja. "Usinishukuru," akaniambia. "Sasa omba ajue majibu."

Jumatatu, 5 Mei

Ninaomba. Ninakumbuka Kingori alivyotazama nje.

Jumamosi, 10 Mei

Walimu walikuja wakiwa wameloa. Maxwel aliwapangia meza mbali mbali, na mimi niliwapa taulo na chai. Yule mwanamke wa kitambaa cha buluu alikuwepo, ametoka Timau gizani. Hakunijua. Nilipompa kikombe nilimwaga chai kidogo, akadhani ni baridi, akaniambia nikae karibu na jiko.

Mwalimu Nduta alikuja na Kingori, akamwacha chini kwenye ngazi. Alisalimiana na kila mtu. Mimi alinipa mkono, ule mkono wa kumpa mtu yeyote.

Wakaanza. Nilikaa chumba cha nyuma, mlango ukiwa wazi kidogo. Sijawahi kusikia kitu kama kile. Walimu wa chekechea wakisoma maswali kwa sauti, kila mmoja kwa kasi yake, chumba kikavuma kama mzinga. Madam Benter alikuwa anatembea katikati yao, na mara moja nikaona ameegemea ukuta amefumba macho. Maxwel alisimama mlangoni na simu mfukoni. "Kumbe walikuwa wanasoma tu," akasema polepole.

Niliitafuta sauti ya Mwalimu Nduta kati ya zote na nikaipata. Maswali ya mtoto na herufi, mtoto na hesabu, mtoto na mchezo, aliyasoma na kuyajibu bila kusita. Kisha akafika sehemu ya mwisho, ile ya kupima na kuripoti maendeleo ya mtoto kwa mtaala mpya. Hapo sauti ilipungua. Alisoma swali. Akalisoma tena. Akalisoma mara ya tatu kwa sauti ya chini, na huko nyuma nikajua, kabla ya matokeo yoyote, ni nini Kingori alikuwa anakijua na mama yake hakijui.

Jumatano, 14 Mei

Wamepita karibu wote. Wa kitambaa cha buluu amepita kwa alama za juu.

Mwalimu Nduta ameanguka ile sehemu, na kanuni ni kwamba lazima upite kila sehemu.

Nilimwuliza Madam Benter kama kuna njia. Alisema alichosema mwanzo: mara ya mwisho. Akampigia Gatimu tena hata hivyo, nikiwa nimesimama pale. Walibishana. Kilichopatikana ni hiki: darasa lake linachukuliwa na mwalimu mwingine, yeye anabaki msaidizi hadi muhula huu uishe, kwa malipo ya msaidizi, na mwezi wa nane anaweza kufanya sehemu ile peke yake. Akianguka, anaenda nyumbani.

Ningenyamaza, leo angekuwa na cheti. Ningenyamaza, wa Timau asingekuwa nacho. Nimejaribu kuyapima mambo haya mawili na mizani haitulii.

Alhamisi, 22 Mei

Bwana Gatimu alikuja. Alikunywa chai, akatazama video ya ile Jumamosi iliyochukuliwa na kamera ya ofisi, akauliza kwa nini walikuwa wanapiga kelele. Madam Benter akamweleza. Alichosema mwisho ni kwamba atafikiria. Kamera ya Mlinzi bado iko, lakini ile sehemu ya midomo Madam Benter ameizima mbele yake, bila kumwomba ruhusa.

Jumatatu, 26 Mei

Mvua imepungua. Nimesikia kutoka kwa Mama, aliyesikia sokoni, kwamba Mwalimu Nduta anawavalisha watoto makoti na kuwaosha mikono, na mwalimu mpya ndiye yuko mbele. Watu wa Wamagana wanasema ni mimi. Sasa nina jina huko, na si zuri.

Jumamosi, 31 Mei

Asubuhi hii simu yangu ilipokea ujumbe wa sauti kutoka namba ya Kingori. Niliuacha kwa muda mrefu bila kuufungua. Nilidhani ni matusi.

Haikuwa sauti yake. Ilikuwa ya Mwalimu Nduta, anavuta kila neno kama kawaida, na nyuma yake kuku. Hakunisalimu. Hakusema amenisamehe, wala kwamba hajanisamehe. Alisoma swali, lile la kupima mtoto ambaye anajua jambo lakini haongei. Akalisoma lote hadi mwisho. Kisha akasema, "Sasa hapa wanataka niandike nini? Mtoto kama huyo unamjazia nini kwa hiyo sehemu?" Ujumbe ukaishia hapo.

Niliutafuta mwongozo wa mtaala mpya, nikasoma ukurasa ule mara kadhaa ili nisimpotoshe. Kuandika kungekuwa rahisi, lakini Mwalimu haoni vizuri maandishi madogo. Mama alikuwa ndani, na kwa jirani redio ilikuwa inaimba. Nikabonyeza kitufe cha sauti, nikafungua mdomo wote, nikaanza kumweleza.